Je, Wajua? Baiskeli Begani mwa Meru

Je, wajua kwamba ukisimama kwenye Mnara wa Saa katikati ya Arusha, tayari uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kabla hujakanyaga hata pedeli? Mgeni hushuka kwenye basi kutoka Tanga, akaazima baiskeli ya shemeji yake, na akifika Sanawari tu kifua kimembana, anaanza kudhani amekuja na malaria. Mara nyingi ni hewa tu. Mkandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, Tanga na kileleni. Hewa yenyewe ndiyo imekuwa nyepesi, basi kila pumzi inaleta kidogo. Kwenye mita 2,500 inabaki robo tatu ya mkandamizo wa pwani. Kileleni mwa Meru, mita 4,566, inabaki asilimia 58 hivi.

Mwili haukai kimya. Kwanza unaongeza kasi ya kupumua. Kisha figo zinatoa homoni inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo usimcheke mgeni wa Tanga. Mpe siku nne tano za barabara tambarare, ya Kisongo kwa mfano, ndipo umwonyeshe mlima.

Je, wajua kwamba mnara huohuo wenyeji huutaja kuwa ndiyo nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town? Waendesha baiskeli wa Tour d'Afrique, msafara ulioanza mwaka 2003, huuona Arusha hivyo hivyo: wakifika hapa wanapumzika, wanafua nguo, wanabadilisha tairi. Safari yao yote ni kama kilomita 12,000 kwa miezi minne. Na huingia mjini wakitokea Namanga, yaani wanalipanda bega la magharibi la Meru kutoka tambarare za Longido, wakati mwingine upepo ukiwapiga usoni. Ukiwaona Ngaramtoni, wapungie mkono. Wamekwisha kulipa.

Je, wajua kwamba Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, mlipuko mdogo tu, na kwamba mwaka huohuo, mwezi Julai, mashindano ya Tour de France yalipelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pirenei? Siku ile walikimbia kilomita 326 na kuvuka njia ya mlimani ya Tourmalet, mita 2,115. Octave Lapize, aliyeshinda, alikokota baiskeli yake kwa miguu sehemu za kupanda na njiani akawaita waandaaji wauaji. Gustave Garrigou peke yake ndiye aliyeupanda Tourmalet bila kushuka kwenye tandiko, akazawadiwa faranga 100.

Ninalipenda jambo hili kwa sababu moja. Baiskeli za akina Lapize hazikuwa na gia za kubadilisha ukiwa unakwenda. Waandaaji walizikataza mpaka mwaka 1937. Kwa maneno mengine, mabingwa wale waliokufa zamani walikuwa na kifaa kilekile, kwa kanuni, alichonacho baba anayepeleka maziwa mjini kutoka Olgilai asubuhi hii: spoketi moja mbele, moja nyuma, na miguu.

Je, wajua gia inafanya nini hasa? Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaouogopa mlima wanaogopa hesabu ambayo hakuna aliyewafanyia.

Chukua baiskeli ya mizigo yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, magurudumu ya inchi 28. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 hivi. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.4, kwa hiyo umekwenda mita 5 na robo. Sasa iweke kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100. Mzunguko mmoja wa miguu umekuinua nusu mita na zaidi kidogo. Hiyo ni kama kuruka ngazi tatu za ghorofa kwa kila mzunguko, tena na tena, ukiwa umekaa.

Halafu chukua baiskeli ya mlimani yenye meno 32 mbele na 50 nyuma. Mzunguko mmoja unakusogeza mita moja na nusu, na kukuinua sentimita 15. Hiyo ni ngazi moja, tena fupi. Kwa kilomita moja ya mwinuko ule, wa kwanza atazungusha pedeli mara 190 hivi, wa pili mara 680. Kazi ya kumwinua mtu ni ileile, senti kwa senti. Tofauti ni kwamba mmoja analipa kwa noti kubwa chache, mwingine kwa sarafu nyingi, na magoti yanapenda sarafu.

Ndiyo maana kijana mwenye misuli anaweza kushindwa mahali ambapo bibi wa miaka 60 mwenye gia nyepesi anapita akiongea. Mlima hauulizi nguvu zako kwanza. Unauliza meno ya spoketi yako.

Kuongea, kwa kweli, ndicho kipimo changu. Je, wajua kwamba unaweza kupima kama unajiua kwa kasi bila saa wala kifaa chochote kifuani? Wataalamu wa mazoezi wanakiita kipimo cha kuongea: mtu anayeweza kutoa sentensi nzima bado anatumia oksijeni anayoipata, anayetoa neno mojamoja ameanza kukopa, na deni la misuli hulipwa upesi. Sisi wa Arusha tuna kipimo bora zaidi, kwa sababu hapa huwezi kumpita mzee kimya. Njia ya Ilboru asubuhi imejaa wazee. Ukiweza kusema "Shikamoo mzee" ukasikia "Marahaba" na ukaongeza "Za nyumbani?", uko sawa. Ukitoa "Shika…" halafu hewa ikakatika, punguza gia. Na Mmasai akikusalimu "Supai!", jibu ni fupi, "Epa", silabi mbili tu, hata hizo zikikushinda, shuka ukokote. Hakuna aibu. Garrigou alikuwa mmoja tu.

Watu watakwambia "Pole!" njia nzima. Ipokee. Wanamaanisha.

Je, wajua kwa nini njia nyingi za kupanda Meru kutoka mjini ni kali kuliko barabara maarufu za Ulaya? Tazama mito. Themi, Naura na mingine inashuka kutoka mlimani kama vijiti vya mwavuli, kila mmoja na korongo lake. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo ndiko watu walikojenga na kupanda migomba. Njia ikafuata mgongo, moja kwa moja kuelekea msituni, bila kona. Mtembea kwa miguu hakuhitaji kona. Linganisha na Stelvio kule Italia, njia ya mlimani ya mita 2,757: kona zake za kugeuka nyuma upande wa Prato ni 48, na kila moja iliwekwa ili kuupunguza ukali. Au linganisha na hapa kwetu, barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayojizungusha kwenye Usambara kilomita 33 hivi na kupanda kama mita elfu moja. Wastani wake ni asilimia 3. Unapanda ukiimba.

Kwa hiyo kwenye migongo ya Meru ni wewe unayetengeneza kona. Akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wanajua: wanapanda kwa mshazari, kutoka ukingo huu wa njia hadi ule. Mwendesha baiskeli afanye vivyo hivyo pale njia ilipo pana na hakuna bodaboda nyuma. Na ukikuta kona ya kweli, pita upande wa nje. Upande wa ndani ni mfupi, na ufupi wake ni wa gharama.

Je, wajua kwamba kupanda mita 1,000 kunagharimu ndizi mbivu nane? Ni hesabu ya kawaida. Mtu wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 15 ni kilo 80. Kuziinua mita 1,000 ni kazi ya kilojuli 785. Lakini mwili hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, ndilo linalokulowesha shati. Jumla inafika kalori 750 hadi 800, na ndizi moja ya wastani ina kalori 100 hivi. Ukiwa kwenye mteremko wa Meru ndizi si tatizo, tatizo ni kukumbuka kuzila kabla ya njaa. Mimi huanza baada ya nusu saa. Wenzangu wengine huapa kwa loshoro ya asubuhi, na sitabishana nao; bakuli moja la loshoro limewahi kunifikisha mbali kuliko biskuti zote za dukani.

Je, wajua kwamba kwenye Meru mzigo hushuka na chombo kitupu ndicho hupanda? Simama pembezoni mwa njia ya Sekei saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maziwa yanashuka, ndizi zinashuka, mboga zinashuka kuelekea Kilombero na masoko mengine. Jioni yanapanda madumu matupu, vikapu vitupu, kiroba cha unga, mtu na simu yake. Mlima ndio unaozalisha na mji ndio unaokula, kwa hiyo uzito unafuata njia ya maji. Hili limeifanya baiskeli isiyo na gia iweze kuishi hapa miaka yote: hukokotwa ikiwa nyepesi, huendeshwa ikiwa nzito. Tunapozungumza kuhusu michezo ya baiskeli mlimani tusiwasahau hawa. Walikuwapo kabla ya mtu yeyote kuvaa kofia ngumu, na wanafanya kila siku, pamoja na Jumapili.

Je, wajua kwamba kurudi Arusha kutoka Moshi ni kupanda? Kilomita 80, na tofauti ya kimo ni zaidi ya mita 500. Macho hayaoni, maana mwinuko haufiki hata asilimia moja kwa wastani. Miguu inaona, kuanzia Usa River.

Je, wajua kwamba kuchemsha hakuondoi madini yote ya maji ya Meru? Kijito kinachotoka mlimani ni kisafi machoni na kitamu mdomoni, lakini miamba ya volkano huyapa maji mengi ya eneo hili floridi nyingi, kiasi kwamba meno ya kahawia yamekuwa alama ya watu waliokulia hapa. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukichemsha unaua vijidudu, ila floridi inabaki, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani, inazidi kukolea. Huko Ngurdoto kimekuwapo kituo cha utafiti wa kuiondoa, na njia mojawapo iliyofanyiwa kazi ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa safari ya siku moja chupa mbili za mto hazitakuharibu meno. Kwa mtoto anayekua akinywa maji hayo kila siku, ni jambo lingine, na linaniuma kila ninapoona tabasamu linalofichwa kwa kiganja.

Je, wajua kwamba unaweza kuvuka kutoka migomba hadi vumbi la nusu jangwa katika asubuhi moja ya baiskeli? Meru unaupokea upepo wenye mvua kwa upande wa kusini na mashariki, unaikamua mvua, na kuuachia upande wa kaskazini hewa kavu. Toka Usa River, pita Ngurdoto hadi Momella, kwenye mita 1,500 hivi, endelea hadi Ngare Nanyuki. Kijani kinakwisha kama mtu aliyekata kitambaa kwa mkasi. Vumbi ni tifutifu, linaingia kwenye cheni na kusaga. Chukua tambara na mafuta kidogo. Mvua ikinyesha, vumbi hilohilo linakuwa tope la kunata, linajaza nafasi kati ya tairi na fremu, na gurudumu linagoma.

Hapo Ngare Nanyuki simama hata kama hujachoka. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kwenye ardhi hii ili iwape walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mmoja wao, alisafiri hadi New York na kuieleza kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi unayoikanyagia pedeli ilisemewa mbali sana. Kutoka huko njia za vumbi zinauzunguka mlima upande wa kaskazini, chini ya Kisimiri, ambako shule yake ya sekondari hutajwa sana matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na ukishika magharibi unakutana na barabara kuu ya Namanga.

Je, wajua kwamba Meru wenyewe, kileleni, si mlima wa baiskeli? Hifadhi ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha mwaka 1967 baada ya eneo la kreta ya Meru kuongezwa. Anayepanda huongozana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu nyati na tembo hawajui ratiba yako. Sehemu ya chini, hadi kwenye vibanda vya Miriakamba kwenye mita 2,500 hivi, gari linaweza kufika kwa njia ndefu. Kutoka hapo hadi Saddle, zaidi ya mita 3,500, kuna ngazi za mbao nyingi kuliko hamu ya kuzihesabu. Saddle ni lile bonde la juu, kama mgongo wa punda, kati ya Meru Mdogo na kilele kikuu. Jina lake kwa Kiingereza ndilo la tandiko la baiskeli, na nadhani hilo linatosha: tandiko la juu kabisa kwenye mlima wetu hukaliwa na waenda kwa miguu.

Ukitaka kuendesha juu zaidi, geuka mashariki. Kilimanjaro uko kama kilomita 70 hivi, na huko njia ya Kilema ndiyo iliyofunguliwa kwa baiskeli, hadi Horombo, mita 3,720. Kabla ya ruhusa hiyo, mwisho wa mwaka 1984, binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walizipeleka baiskeli zao mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sehemu kubwa ya juu baiskeli ndizo zilizowapanda wao, mabegani. Safari ile ilichangisha fedha kwa ajili ya pampu za maji za upepo kaskazini mwa Kenya. Naikumbuka kila ninaposikia mtu akiuliza faida ya kupanda mlima kwa baiskeli ni nini.

Je, wajua kwamba Septemba 2025, kwa mara ya kwanza, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika, tena jirani, Kigali? Wanaume walikimbia kilomita 267.5 na kupanda jumla ya mita 5,475 kwa siku moja. Jumlisha: mtu angetoka baharini akapanda Meru wote, angekuwa bado anadaiwa mita 900. Tadej Pogačar wa Slovenia alitoroka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100 na hakukamatwa tena. Waliomaliza ni 30 tu. Vilima vya Kigali havina urefu wa kutisha. Kinachoua ni kuvirudia.

Kwa waliopenda wazo la kurudia, kuna mchezo wa kupanda kilima kimoja, juu na chini, mpaka jumla ifike mita 8,848, kimo cha Everest. Kwa kilima cha mita 100 ni mara 89. Naomba ushuhuda wa msomaji atakayejaribu Sanawari.

Je, wajua kwamba bingwa mara nne wa Tour de France alifundishwa kupanda milima na Mkenya? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana David Kinjah alimchukua kwenye kundi lake kijijini karibu na Kikuyu, wakapanda na kushuka kingo za Bonde la Ufa pamoja na vijana wengine. Froome alishinda mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Na mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima katika mashindano hayo. Asmara kwao iko juu ya mita 2,300, na barabara ya kutoka bandari ya Massawa hupanda kimo hicho chote kutoka baharini. Mtoto anayekwenda dukani Asmara amekwisha kufanya mazoezi. Mtoto wa Ilkiding'a, hapa kwetu, je? Mwinuko anao, hewa nyembamba anayo. Kinachokosekana ni baiskeli inayomtosha kimo na mtu mzima mmoja wa kukimbia naye kando. Kinjah alikuwa mtu mmoja.

Je, wajua kwamba hewa nyembamba huumiza mapafu lakini husaidia kasi? Ikiwa nyepesi, haikusukumi nyuma sana. Ndiyo sababu Eddy Merckx alikwenda Mexico City, kwenye mita 2,240, mwaka 1972, akaendesha kilomita 49.431 kwa saa moja, rekodi ya dunia. Mji huohuo, mwaka 1968, John Stephen Akhwari wetu wa Mbulu alimaliza marathoni akiwa na goti lililofungwa bandeji, na hewa ile ilikuwa mzigo wa pili juu ya maumivu. Unapopanda Meru kwa kilomita 8 kwa saa faida ya Merckx huioni. Utaiona ukishuka.

Na kushuka kuna somo lake. Joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Shati ulilolilowesha njiani, ukiligeuza kuelekea mteremko, linakuwa barafu kifuani, hasa Juni na Julai. Wakimbiaji wa zamani wa Ulaya walisokomeza gazeti ndani ya jezi kabla ya kushuka. Nimejaribu kwa gazeti la juzi. Linafanya kazi, na wino unabaki kwenye ngozi mpaka Jumatano.

Je, wajua kwamba kilojuli 785 ulizozipandisha kwa ndizi nane zinakusubiri juu? Ukishuka zote zinarudi. Kama zingeingia zote kwenye breki, zingechemsha lita mbili na nusu za maji, hapa Arusha ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Upepo unachukua sehemu, breki zinachukua iliyobaki. Kwa hiyo usizibane mfululizo. Bana, achia, bana tena, ili rimu ipate kupoa. Breki za fimbo za baiskeli za zamani hazina hata subira hiyo, hasa zikilowa.

Mwaka huu, Ngaramtoni, nilikaa kwenye benchi la fundi baiskeli nikisubiri kiraka cha tyubu. Akaja baba mmoja kutoka juu, mikungu mitatu ya ndizi imefungwa kwa kamba ya mpira nyuma. Breki zake hazikuwa na raba. Alikuwa ameshuka njia yote kwa kukanyaga tairi la mbele kwa katambuga ya mguu wa kulia, ile ndala ya mpira wa tairi la gari. Aliivua, akaigeuza. Katikati ya unyayo kulikuwa na mfereji laini, upana wa tairi la baiskeli, umechimbika mpaka nyuzi za ndani zilionekana, na ukiugusa bado ulikuwa na joto.

"Shikamoo baba," nilisema. "Huogopi?"

"Marahaba. Naogopa kona ya kanisani. Kwingine tairi linanijua."

Fundi hakusema kitu. Alikata kipande cha tairi kuukuu kwa kisu, akakipima juu ya mfereji, akakipunguza, akapigilia misumari minne mifupi kutoka chini. Kisha akapitisha dole gumba polepole juu ya kila kichwa cha msumari, akarudia wa tatu kwa nyundo, akapitisha dole gumba tena. Msumari ukichungulia nje hata kidogo, mteremko wa kwanza tu utatoboa tairi. Aliporidhika alimrudishia kiatu, na yule baba akakivaa akiwa amekwisha kupanda.